Vita vya Pipa la Kijani kwa Ajili ya Jani la Ingolf

Njooni, enyi mlao mkate na msioujua mkate! Sogeeni, enyi mkatao kipande asubuhi mkapaka siagi, mkadhani kimeshuka mbinguni kikiwa kimekwisha kukatwa! Wekeni vikombe chini, na mwenye kikohozi amalize kukohoa sasa, kwani nina habari ya vita. Siyo vita vya wafalme. Wafalme wana waandishi wao. Nitawasimulia Regitze Overby, Bibi wa Kutu ya Manjano, Mlinzi wa Miche, ngao ya wakulima wa kisiwa chote cha Sjælland, aliyeingia katika pipa la taka kichwa mbele, mchana kweupe, mbele za watu, kwa ajili ya jani moja la ngano. Mimi hupima udongo katika kituo chake cha utafiti wa mazao, Tranemose, na niliyaona hayo kwa macho yangu. Asiyesadiki na aondoke, mlango uko wazi, ila aurudishe kwa sababu kuna upepo.

Kwanza mjue adui. Kutu ya manjano ni kuvu, kiumbe kidogo kuliko udogo wenyewe, kisicho na miguu wala mabawa, na bado huvuka bahari kwa kupanda upepo bila nauli. Hutua juu ya jani la ngano, hujipenyeza ndani, kisha hutokeza nje kwa vipele vya rangi ya manjano vilivyojipanga mistari mistari, na kila kipele humwaga vumbi, na kila chembe ya vumbi ni jeshi jipya. Mkulima hutoka shambani na suruali imegeuka rangi. Kibaya zaidi, adui huyu hakubali kufugwa ndani ya chupa. Ataishi juu ya jani hai au atakufa. Kwa hiyo Regitze, ili amjue, hana budi kumlea. Nyumba yake ya vioo imejaa ngano gonjwa, naye huinama juu yake asubuhi na jioni na kuiuliza hali. Mgeni akifika hudhani kachanganyikiwa.

Katika jumba la kituo chetu alikaa jemadari wa pili, Preben Lykke, mtu wa kimo na sauti, Bingwa wa Madoa ya Majani. Hayo nayo ni kuvu, ila hayapandi upepo kwa fahari. Hurukia jani kwa matone ya mvua. Watu wa madoa husema kutu ni ugonjwa wa kujionyesha. Watu wa kutu husema madoa ni uchafu uliopewa jina. Kwa miaka mingi majemadari hao walikaa meza moja ya kahawa wakirushiana maneno hayo na kupitishiana maziwa, na hakuna aliyeumia.

Sasa, palikuwa na mkulima, Ingolf Bræstrup, mzee wa upande wa pili wa kinamasi kinachopakana na kituo. Mwaka huo alipanda ngano iitwayo Havørn, ambayo wauza mbegu waliisifu kuwa kutu haiwezi kuigusa hata ikiomba. Mwezi wa Mei shamba lake likageuka manjano. Akasema, na hakusadikiwa. Mshauri wa mbegu akaja, akatazama, akatikisa kichwa: "Mzee Ingolf, hii siyo Havørn. Umechanganya na mbegu zako za zamani, basi tu, sema ukweli." Akamwamuru apige dawa haraka, kisha akaenda zake kuwasimulia wengine. Tangu siku hiyo Ingolf akiingia dukani, wenzake walikuwa wakikumbuka ghafla kwamba wana kazi nyumbani. Mtu ambaye neno lake lilitosha kuuzia ng'ombe bila kupeana hati sasa aliitwa mwongo kwa adabu, na kuitwa hivyo kwa adabu ndiko kunakouma zaidi.

Ni Regitze peke yake aliyemwambia: "Nakuamini, lakini imani yangu haimshindi mshauri. Niletee jani moja kabla hujapiga dawa. Likiwa kavu, ndani ya karatasi. Usilitie kwenye plastiki, litaoza. Liweke mahali pa baridi. Nikiweza kuipandikiza kutu yako juu ya Havørn halisi, hapo hakuna wa kukubishia." Ingolf alichuma jani, kisha akapiga dawa, na kutu yote ya shambani ikafa. Likabaki jani lile, na juu ya jani lile jina la mtu.

Ikawa siku ya Ijumaa. Wote walikuwa mashambani, isipokuwa mimi na udongo wangu. Ingolf alifika na jani, akaona korido tupu, akausikia mtikisiko wa mashine yangu nyuma ya mlango uliofungwa. Je, alibisha hodi? Hakubisha. Ndugu zangu, watu wa huku wangeweza kuona nyumba yako inaungua wakasubiri umalize kula, wasikusumbue. Aliingia jikoni kwa ncha za vidole, akaliweka jani ndani ya friji, katika kikopo chake cha chakula, limekunjwa katika karatasi ile nyembamba ambayo kila mmoja wetu amelelewa nayo, ya kutenganisha vipande vya mkate mweusi wa nafaka ya rai ili maini ya kusaga yasigusane na yai. Kisha akaenda zake.

Hakujua, maskini, kwamba pale Tranemose ipo Sheria ya Friji. Sheria hiyo imebandikwa mlangoni kwa herufi nene: Ijumaa mchana, kila kisicho na jina na tarehe kitaondolewa. Zamu ya kuitekeleza huzunguka, na Ijumaa hiyo zamu ilimwangukia Preben. Na Preben, enyi wasikilizaji, si mtu wa kutupa taka. Preben huzitenga taka kama kadhi anavyogawa mirathi. Nyuma ya jumba kuna mapipa ya kila rangi, ya chakula, ya karatasi, ya plastiki, ya bati, ya kioo, na mengine ambayo mimi nayapita kwa hofu. Yeye huyajua yote, na huosha hata kifuniko cha mtindi kabla ya kukizika.

Regitze alirudi kutoka shambani na matope hadi magotini, simu ikalia.

"Habari za mchana, Regitze. Samahani kukusumbua."

"Hunisumbui, mzee wangu. Jani liko wapi?"

"Liko kwenu tangu asubuhi. Kwenye friji ya jikoni, ndani ya kikopo changu. Nimelifunga kwenye karatasi ya mkate kama ulivyoniagiza."

"Umeandika jina?"

"Jina la nini? Jani tu lile. Sikutaka kujifanya mkubwa."

Regitze hakuaga. Aliiacha simu ikining'inia kwa waya wake, akakimbia koridoni akipiga mihuri ya matope sakafuni, nami nikafungua mlango kuona ni ng'ombe gani amefunguliwa. Jikoni friji ilikuwa tupu na inang'aa. Kando ya sinki, kikopo cha Ingolf kilikuwa kimeoshwa, kimepinduliwa, kinadondosha maji. Na mbele yake alisimama Preben, amevaa aproni yenye picha za nguruwe, anakausha mikono kwa utulivu wa mtu aliyetimiza wajibu.

"Preben! Kilichokuwa humu kimekwenda wapi?"

"Kimekwenda kwa haki," akanena Preben, akinyoosha kidole kuelekea bango la sheria. "Hakikuwa na jina. Hakikuwa na tarehe. Mimi sina ndugu wala rafiki siku ya Ijumaa, mama. Wiki iliyopita nilitupa jibini yangu mwenyewe."

"Kulikuwa na jani!"

"Kulikuwa na kitunguu cha majani. Kimenyauka, kimeota ukungu wa njano, wala sijui nani anakula vitu vya namna hiyo. Nimekitia kwenye taka za chakula. Mfuko uko nje, pipa la kijani."

Regitze akasogea hatua moja. Hata friji iliacha kunguruma.

"Preben Lykke," akasema Regitze polepole, "wewe una udaktari wa nini?"

"Wa madoa ya majani."

"Majani ya nini?"

"Ya ngano," akasema Preben, na sauti yake ikaanza kusinyaa.

"Na jani la ngano hukulijua?"

"Lilikuwa kwenye kikopo cha chakula! Mtu akifungua kikopo cha chakula hategemei ngano, anategemea chakula! Ningelikuta shambani ningelijua usingizini!"

Mimi nikiwa shahidi nasema utetezi ule ulikuwa na ukweli ndani yake, lakini haukupata muda wa kusikilizwa, kwa maana wakati huo huo kutoka barabarani ulisikika mngurumo, na mlio ule wa kurudi nyuma, pii, pii, pii, unaoashiria kwamba lori la taka la Ijumaa limewasili uani.

Basi wakatoka mbio, Regitze mbele, Preben nyuma na nguruwe wake wakipepea, mimi nikafuata na taulo, sijui kwa nini taulo. Tukalikuta pipa la kijani limekwisha kushikwa na mikono ya chuma na linapaa. Regitze akasimama mbele ya lori, akanyoosha mikono yote miwili.

"Simamisha! Kwa jina la ngano yote ya nchi hii, simamisha!"

Pipa likasita hewani. Kutoka kwenye kiti cha juu akachungulia dereva, mwanamke mwenye koti la rangi ya chungwa na nywele fupi, jina lake Maiken, ambaye tangu nimfahamu hajawahi kuchelewa mtaa hata mmoja.

"Kuna nini tena, dada? Mimi nina ratiba."

"Ndani ya pipa hilo kuna jani!"

"Dada, ndani ya pipa hili kuna majani, maganda, na kitu fulani kinachonuka samaki. Mimi kwenye kazi hii nimeshaombwa pete ya ndoa. Nimeshaombwa meno ya bibi wa watu. Jani sijaombwa bado."

"Sikiliza," akasema Regitze, na hapo akaisema hotuba yake, akiwa kasimama katika dimbwi. "Kuna mzee mmoja ng'ambo ya kinamasi wanamwita mwongo. Hakusema uongo. Shamba lake limeugua ugonjwa ambao kila mtu anasema hauwezi kutokea, na ushahidi wake wote duniani ni hilo jani. Ukilimwaga, Ingolf atakufa siku moja akiwa mwongo. Na kama alikuwa mkweli, mashamba ya jirani zake yatafuata, maana hakuna atakayepiga dawa kwa ugonjwa asiouamini. Nishushie hilo pipa, nakuomba."

Maiken akatazama saa. Akamtazama Regitze. Akamtazama Preben, hasa nguruwe.

"Ijumaa huwa mnakula mikate ya asubuhi hapa, sivyo? Imebaki?"

Preben hajawahi kukimbia vile. Akarudi na mkate wa mwisho, ule wa kukunjwa kwa siagi, wenye mbegu ndogo nyeusi za popi juu, aliokuwa ameuficha nyuma ya mashine ya kahawa kwa ajili yake mwenyewe. Nasi sote tukaona alivyoutoa, na jinsi mkono ulivyochelewa kuuachia. Maiken akaupokea, akalishusha pipa, akajiegemeza kwenye gurudumu.

"Nitautafuna polepole," akasema. "Ukiisha, naondoka."

Nani ataeleza kushuka kule? Regitze ni mfupi na pipa ni refu. Akapanda ukingo, akavuta pumzi ya mwisho ya hewa safi, akazama hadi kiunoni, Preben akimshika viatu. Kwanza akakutana na jeshi la maganda ya viazi, wengi, wepesi, wasio na mpango, akawatawanya kwa kiganja. Nyuma yao ulisimama ukuta wa mkate wa rai uliokauka, akaupasua. Kisha wakamjia samaki wa bizari, wenye harufu ya kuangusha farasi, na sauti yake ikatoka chini ikisema neno ambalo mwandishi wa historia hana ruhusa ya kulihifadhi. Mtu fulani alikuwa ameleta mapema mno maziwa baridi ya limau tunayokunywa kiangazi, yakachacha, yakamwagwa humo, na hayo ndiyo yaliyompiga usoni. Hakurudi nyuma. Mwishoni kabisa, chini ya tope jeusi la kahawa ya wiki nzima, mkono wake ukagusa kitu chembamba na kirefu.

"Ninalo! Nivute!"

Preben akamvuta. Akatoka kama mtoto anavyozaliwa, ananata na anapiga kelele, jani la Ingolf likiwa juu mkononi. Tukapiga makofi. Hata Maiken alipiga paja. Kisha Regitze akaliangalia jani, nasi tukaliangalia, na makofi yakaisha yenyewe.

Lilikuwa limelowa kahawa. Mistari ya vipele ilionekana, lakini vipele vilikuwa vitupu, vimeoshwa, na juu yake palikuwa pamebaki weusi tu. Vumbi la manjano, lile lililo hai, halikuwepo hata chembe. Kutu iliyooga kahawa haiamki tena.

Regitze akakaa chini juu ya lami. Sikuwahi kumwona akilia, na sasa alilia waziwazi, maziwa ya limau yakimtiririka kwenye nywele. "Nitamwambia nini?" akasema. "Alinipa kitu kimoja tu. Nitampigia simu nimwambie nini yule mzee?" Nikampa taulo. Nilijisikia vibaya, kwa sababu mzee alikuwa amepita nje ya mlango wangu.

Preben alibaki amesimama, uso umemwiva.

"Na karatasi je?"

"Karatasi gani, Preben?"

"Ile ya mkate. Iliyofungia. Karatasi sikuitupa."

Regitze akainua kichwa.

"Maana ilikuwa na bizari ya manjano," akaendelea Preben, akijieleza haraka kama mshtakiwa. "Nilidhani ya wale samaki. Sasa, karatasi iliyochafuka kwa chakula haiingii pipa la karatasi, hilo kila mtu anajua. Lakini hii haikuwa na mafuta. Ilikuwa kavu kabisa. Bizari ni chakula au ni vumbi? Mwongozo wa manispaa haujasema! Nikasema siwezi kuamua peke yangu. Nikaikunja nikaiweka mfukoni niwapigie simu." Na mkono wake ukaanza kwenda kwenye mfuko wa aproni.

"USIIFUNGUE!"

Mkono ukaganda. Upepo wa Mei ulikuwa unazunguka uani, ule ule ulioileta kutu katika nchi hii, na sasa ulitaka kuichukua tena. Regitze akasimama. Akatoa amri, na hakuna aliyebisha: Preben akae katikati, ashike mfuko kwa mikono miwili; mimi na taulo upande wa kulia; Maiken, aliyekuwa bado ana mkate mdomoni, akaacha lori likinguruma na kuja upande wa kushoto na koti lake limefunguliwa kama pazia. Ndivyo tulivyouvuka uwanja, hatua kwa hatua, watu wazima wanne tukikinga mfuko wenye nguruwe. Mkurugenzi wetu alikuwa anaegesha baiskeli, akatuona, akageukia ukuta.

Regitze alioga kwanza, maana jeshi la samaki lilikuwa bado juu yake, akavaa koti safi. Kisha, ndani ya chumba kisicho na upepo, karatasi ikafunguliwa. Na tazama: katika mikunjo yake, pale jani lilipolala, ulikuwepo mstari wa vumbi la manjano, kavu, hai, usiozidi chumvi ambayo mtu hutia kwenye yai. Akaufagia kwa brashi laini juu ya miche ya Havørn halisi, iliyooteshwa kwa mbegu ambazo hata mshauri mwenyewe asingezitilia shaka. Chungu kimoja hakukigusa, ili kiwe shahidi. Akaifunika miche ipate umande na giza na baridi, kama kutu ipendavyo, akamwambia Preben: "Sasa omba waugue."

Na Preben, Bingwa wa Madoa, aliomba. Kila asubuhi kabla ya kahawa tulimwona akibandika pua kwenye kioo.

"Wameugua?"

"Bado."

"Hata mmoja?"

"Preben, nenda kwenye uchafu wako."

Ingolf hakupiga simu hata mara moja. Tulijua anangoja kwa jinsi tu alivyokuwa akipita barabarani na trekta lake, polepole kuliko trekta linavyohitaji, akitazama mbele.

Ndipo ikafika asubuhi ambayo kelele zilisikika kutoka nyumba ya vioo hadi kwangu kwenye udongo: "Wameugua! Wameugua wote!" Tukatupa kila kitu tukakimbia. Miche ya Havørn, fahari ya wauza mbegu, ilikuwa imepigwa mistari ya manjano kutoka chini hadi juu, na kile chungu shahidi kando yake kilikuwa kijani kitupu. Tulikumbatiana. Preben alimnyanyua Regitze kutoka sakafuni. Nadhani hakuna mahali pengine duniani ambapo ngano ikiugua watu hucheka hivyo.

Mshauri wa mbegu aliitwa, akaja, akatazama kwa lensi, akatazama tena, akaomba kuonyeshwa mfuko wa mbegu, akaonyeshwa. Ingolf alikuja naye, amevaa shati safi lililopigwa pasi. Mshauri akavua kofia.

"Mzee Ingolf," akasema, "nilikuita mwongo mbele ya watu. Ulikuwa unasema kweli. Hii ni kutu mpya, na Havørn haiwezi kuizuia. Nisamehe."

Ingolf aliinama akaitazama miche. "Basi, yaishe," akasema. "Lakini kawaambie wenzangu leo hii wakague mashamba yao. Wasingoje mpaka kesho." Na mshauri akatoka nje na simu, na jioni ile mashine za dawa zikatoka katika kila boma la upande wa kinamasi, na ngano ya watu ikaokolewa ikiwa bado kijani, ikiwemo ya wale waliokuwa wakikumbuka kazi zao dukani.

Sasa huku kwetu hakuna furaha iliyokamilika bila bendera. Regitze akachomeka kibendera chekundu chenye msalaba mweupe katika chungu cha wagonjwa, kile tunachochomeka kwenye keki ya siku ya kuzaliwa. Preben alikuwa ameoka keki, kwa kuwa aliyekosa huoka, hiyo nayo ni sheria ingawa haijabandikwa. Maiken alialikwa, akaja na koti lake la chungwa. Na iandikwe, isomwe, wajukuu wa ngano waipokee: katika mwaka ule pale Tranemose lilipiganwa pambano moja, likashindwa pipa, likashindwa lori, ikashindwa kahawa, na neno la mtu mmoja likarudishwa mahali pake. Tukasimama kuzunguka chungu tukapiga hura za shangwe kama desturi itakavyo, tatu fupi na moja ndefu. Zile fupi tulizipiga pamoja. Ile ndefu aliianza Ingolf, kichwa juu, macho yamelowa, nasi tukaidaka, tukaivuta tulivyoweza, na sote tulipokuwa tumeishiwa pumzi, yeye bado alikuwa anaivuta.